Mjomba, nyumba ya Kigoma achague mkaza mjomba

Mjomba, shikamoo. Mkaza mjomba, shikamoo. Salamu za Lushoto zimefika, na habari ya mkataba wako wa kazi wa miaka miwili huku Kigoma imekuja pamoja nazo. Nawaandikia hadharani kwa kuwa hamko peke yenu. Kila Julai, mwaka wa fedha ukianza, huku hushuka watu wazima wa umri wenu, mume kashika barua ya kazi, mke kashika mabegi. Msinione mtoto anafundisha wazee. Someni, mtakaloliona la kipuuzi mliache.

Barua yako inasema kituo cha kazi ni "Kigoma". Kigoma ni mkoa, mjomba. Kasulu iko karibu kilomita 100 kutoka mjini, imeinuka na ina ubaridi mtakaouzoea haraka. Kibondo iko zaidi ya kilomita 200. Wapo waliolipia nyumba mjini, wakaripoti kazini, wakaambiwa mradi uko Kakonko. Omba waandike wilaya na kata, na waandike nani atalipa wakikuhamisha tena ndani ya mkoa.

Kwenye mkataba huohuo tafuta mstari wa mahali ulipoajiriwa. Uandikwe Lushoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 43, inamtaka mwajiri akurudishe wewe na mizigo yako hadi mahali ulipoajiriwa, au akulipe gharama hiyo, ajira inapokoma mahali pengine. Pia anadaiwa fedha ya kujikimu kwa siku utakazosubiri usafiri. Kosa linalotokea ni kusaini mkataba baada ya kufika huku na kukubali kuandikwa "ameajiriwa Kigoma". Hapo lori la kurudi ni lako.

La NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, lihesabu mwenyewe kabla ya kusaini. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180. Ukiwa na miezi 160, miaka miwili hii ni miezi 24, unafika 184, na kazi hii inabadili uzee wenu kuliko mshahara wenyewe. Ila mwajiri apeleke michango kwa namba yako ileile ya uanachama. Kagua taarifa yako kila baada ya miezi mitatu. Michango ikikatwa kwenye mshahara bila kupelekwa, mtu hugundua siku ya kudai.

Sasa nyumba, na hapa nitakaa kidogo.

Wengi hutafuta nyumba karibu na ofisi. Mjomba, wewe utatoka asubuhi na kurudi jioni, na kazini utapata watu wa kuzungumza nao. Anayebaki ndani mchana kutwa, katika mji asimomjua mtu, ni mkaza mjomba. Nyumba ipimwe kwa miguu yake, kwa jirani zake na kwa umbali wake wa kwenda sokoni. Bodaboda ya kwenda kazini ni gharama ndogo kuliko mke kujifungia ndani miezi sita.

Kigoma mjini ni mabonde na vilima. Nyumba ya juu ina upepo na sura nzuri ya Ziwa Tanganyika, lakini kuna ngazi za udongo ambazo mvua ikinyesha huteleza, na maji ya bomba hupanda kwa shida. Mtaa wa Mwanga uko kwenye soko na usafiri. Gungu ina nafasi zaidi. Ushauri wangu ni Ujiji. Ardhi yake haina milima ya kuumiza magoti, misikiti iko karibu, na ni mji mkongwe wa Waswahili ambako watu bado hukaa barazani. Mtu wa mkoa wa Tanga hachukui muda kuwaelewa wala kueleweka. Atakayekwambia Ujiji ni pa kizamani, mwambie ndiyo sababu yenyewe.

Msisogee sana ufukweni. Miaka ya karibuni ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za Kibirizi na Ujiji. Angalieni kuta kwa chini: mstari wa unyevu, rangi inayobanduka, chumvi nyeupe kwenye plasta. Rangi mpya iliyopakwa upande wa chini tu nayo ina maneno yake.

Nyumba iendeeni mara mbili, asubuhi na jioni, mfungue bomba mara zote mbili. Kama hakuna tangi, omba liwekwe kabla ya kulipa. Watu wawili wakitumia lita 60 kila mmoja, tangi la lita 1,000 linawafikisha siku nane. Kuhusu luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, nunueni umeme wa shilingi chache kabla ya kukabidhi kodi. Kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa humo humo, na nyumba iliyokaa tupu miezi saba itawatoza 10,500 siku ya kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, basi mpunguziwe kwenye pango. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, naye hajali maji wala luku.

Mwenye nyumba ataomba mwaka mzima. Mkataba wako una miezi ya majaribio, mjomba. Usilipe miezi 12 wakati kazi yenyewe haijathibitishwa. Bishaneni mpaka ikubalike mitatu, ikishindikana sita. Nyumba ya Lushoto msiiuze wala msiipangishe kwa mkataba mrefu. Njoo wewe kwanza, lala gesti wiki tatu, halafu mkaza mjomba aje kuona nyumba mbili tatu ulizozichuja. Neno la mwisho lake.

Mizigo punguzeni. Vitanda na kabati acheni, kwa sababu mninga na mkurungu ni mbao za upande huu, na fundi atawatengenezea kitanda kizito kuliko hicho mlicho nacho. Wekeni risiti ya kila samani, mtaihitaji kwenye vizuizi vya mazao ya misitu siku ya kurudi. Friji isafirishwe imesimama. Ikilazwa, oili ya kompresa huingia kwenye mabomba. Isimamisheni saa 24 kabla ya kuiwasha, na muipe kilinda umeme. Kila boksi liwe na namba, orodha moja kwa dereva na nyingine kwenu.

Safari msiifanye kwa mkupuo mmoja. Basi mpaka Dodoma, mlale, kisha treni ya reli ya zamani inayopita Tabora, daraja la pili kulala, mnyooshe miguu. Haiondoki kila siku na huchelewa, kwa hiyo msiipange siku moja kabla ya kuripoti. Wenye haraka hupanda basi, ama la Tabora, Kaliua na Uvinza, ama la Kahama, Nyakanazi na Kasulu. Ulizeni linapita wapi kabla ya kukata tiketi. Vitambulisho vya NIDA viwe mfukoni, si ndani ya begi chini ya basi. Huu ni mkoa wa mpakani na ukaguzi ni wa kawaida.

Jambo moja litawashangaza: saa. Kigoma iko magharibi mno, na jua huchelewa kwa zaidi ya nusu saa kuliko Lushoto. Saa kumi na mbili asubuhi bado kiza. Magharibi huingia karibu saa moja usiku, miezi mingine hata zaidi. Mkija Ramadhani fuateni ratiba ya hapa, si ya Tanga. Na mkiwa kule Manyovu, mpakani, simu ikishika mtandao wa Burundi, saa yake yaweza kurudi nyuma saa nzima. Zimeni ule mpangilio wa saa kujirekebisha.

Malaria msiifanyie mzaha. Mtu aliyeishi miaka mingi kwenye baridi ya Lushoto hana kinga ya mtu wa hapa, na kwa umri wenu humwangusha haraka. Chandarua siku ya kwanza, si wiki ya pili. Mwili ukiwa mzito au kichwa kikiuma, hata bila homa kali, pimeni siku hiyo hiyo. Mseto, dawa ya malaria, kwa mtu mzima ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili masaa manane baada ya ya kwanza, na mle chakula chenye mafuta, bila hivyo dawa hainyonywi vizuri. Mwambieni daktari dawa zote za presha na moyo mnazotumia kabla hajaandika mseto. Dawa hizo za kila siku njooni nazo za miezi mitatu, na cheti chake. Bima nayo muulize mapema inapokelewa wapi.

Mkaza mjomba, nasikia unaiwazia biashara ya dagaa. Ni biashara ya kweli, ila ina kalenda yake. Wavuvi huvua usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kamili dagaa huadimika na bei hupanda. Nunua siku za giza. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, basi usiweke mtaji wote kwenye mzigo mmoja. Dagaa waliokaushwa kwenye chanja ni ghali kidogo kuliko wa mchangani, lakini ukimtafuna wa mchangani utajua kwa nini. Shika wachache, wavunje: wakikatika kwa mlio wamekauka, wakipinda watavunda ndani ya gunia kabla ya kufika Korogwe. Mvua huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, na miezi hiyo kukausha ni kazi. Anza na gunia moja, Septemba, kabla mvua haijaanza.

Bustani utaipata, nafasi zipo. Kabichi na karoti za Lushoto zinataka baridi, na huku kabichi itakupa majani bila kufunga. Panda mchicha, matembele na bamia, na muhogo pembeni, maana ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa hili, ndicho chakula cha hapa. Mbegu za karoti mwachie jirani, jembe lako njoo nalo.