Niligawa vikundi, sasa naona nimegawa darasa

Kwako Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi huku Kisauni, Mombasa. Darasa langu la Gredi ya 8 lina Waislamu, Wakatoliki, Wasabato na watoto wa makanisa madogo ambayo majina yake sijayashika yote. Kazi nyingi katika mtaala huu wa umilisi hufanywa kwa vikundi, na alama za tathmini ya shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huhesabiwa asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9, kwa hiyo mwanafunzi kukaa kikundi hiki au kile si jambo dogo.

Muhula uliopita mzazi wa Kisabato aliniomba kikundi cha mwanawe kisikutane Jumamosi. Hilo halikunisumbua. Tulihamia Jumatano baada ya masomo, wala si Ijumaa, kwa kuwa adhuhuri wenzake huenda msikitini na jua likitua Sabato yake imeingia.

Lililonikwamisha lilikuja baadaye. Mama mmoja alifika shuleni, kwa adabu zake zote, akanieleza kwamba binti yake amebaleghe na nyumbani hawaridhii akutane na wavulana kuandaa mradi, wala acheze ngoma nao jukwaani katika somo la sanaa. Mimi pia ni Mwislamu na nilimwelewa, pengine upesi kupita kiasi, nikamtia binti katika kikundi cha wasichana watupu. Wiki haikwisha nikapokea barua za wazazi wengine watatu, na kwa kuwa nilikwisha kumkubalia wa kwanza, sikuwa na uso wa kuwakatalia hawa. Ili nafasi zipatikane, niliwatoa kikundini wasichana wanne Wakristo. Mmoja wao, aliyekuwa akifanya kazi na binti yule tangu Gredi ya 7, alinifuata nje ya darasa akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi tuna najisi?" Sikuwa na jibu.

Nimerejea Katiba ya 2010. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dini na cha 27 kinakataza ubaguzi, nami naviona vyote viwili vikinikodolea macho katika meza moja. Ile kesi ya hijabu iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019 ilihusu vazi, haikugusa nani afanye kazi na nani.

Mwalimu mkuu anataka nivunje vikundi vyote na kuvipanga upya kwa kura. Nachelea kwamba siku ya maonyesho mama atamzuia mtoto nyumbani, naye akose alama kwa kosa lisilo lake. Mwenzangu mmoja ananishauri nichanganye vikundi, lakini kazi yote ifanyike darasani, saa za shule, mbele yangu, na binti apewe usimulizi badala ya kucheza. Ninaelekea huko, ingawa wavulana wameshaanza kunung'unika kwamba kusimulia ni kazi nyepesi, na sijui nisawazishe alama vipi.

Je, nianze na mama yule peke yake, au niwaite wazazi wote pamoja kabla muhula haujaenda mbali? Na yule msichana aliyeniuliza, ambaye tangu siku ile haninyoshei mkono darasani, nimwambie nini?

Mwalimu aliyetatizika,
Kisauni, Mombasa