Nikifunga spoku 36, si ndiyo nimekiri?

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa na nusu usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Baba watoto anakoroma huko ndani kama mtu ambaye hakusema kitu. Mie niko ukumbini, baiskeli imeegemea kabati, gurudumu la nyuma limejikunja kama chapati iliyosahauliwa juani. Kila nikilitazama nalisikia lile neno.

Nataka unisaidie kuchagua magurudumu. Hilo tu. Ya ndoa niachie mwenyewe, nina miaka 19 humu ndani, nayajua.

Njia ya Pongwe unaijua, sina haja ya kukueleza. Malori ya saruji yakija nyuma yako unasogea pembeni, na huko pembeni lami imekatika kama ngazi, ukishuka gurudumu linapiga mpaka meno yanagongana. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 20, siku tano kwa wiki, na kengele ya shule haimngoji mwalimu. Zamani nilikuwa naenda na Phoenix. Chuma kitupu, nafika dera limelowa mgongo mzima. Mwaka 2021 nikanunua hii ya resi, ya mtumba, fremu ya alumini. Nikatoa ule usukani wa pembe za kondoo nikaweka wa kawaida, nikafunga keria ya madaftari, nikawa nawapita vijana wa bodaboda wakiwa wamesimama kujaza mafuta. Wanawake wa Tanga tunapanda baiskeli tangu enzi za bibi zetu, hilo halimshangazi mtu. Ila mama mzima na dera juu ya baiskeli ya resi, waliguna kidogo. Waliguna wakachoka.

Sasa tangu Januari spoku zimekatika nne. Zote za nyuma. Ya nne ilikatika nikirudi, jirani na stendi ya Kange, na kwa kuwa gurudumu lenyewe lina spoku 24 tu, ikitoka moja ringi inacheza mpaka inasugua breki, haizunguki tena. Nikasukuma toka Kange hadi Ngamiani na madaftari ya darasa la sita kichwani.

Jumamosi nikaipeleka kwa fundi, yule yule wa siku zote. Baba watoto naye akaja, maana pale pana kahawa na wenzake. Fundi, mzee wa watu, akaitazama akasema, "Mwalimu, spoku zako hizi ni waja leo waondoka leo." Watu wakacheka, na mie nikacheka, ni msemo wa mji wetu Tanga, tumezoea kusemwa hivyo. Ndipo yeye, kikombe mkononi, akasema: "Fundi, usihangaike na gurudumu. Mpunguze mwenye baiskeli."

Walikuwapo watu saba. Niliwahesabu. Mmoja ni mzazi wa mwanafunzi wangu.

Kilo 83, Shangazi. Naandika mwenyewe, sina la kuficha. Watoto wanne nimemzalia, hizo kilo hakuziona zinaingia?

Halafu sikiliza. Jumapili moja kabla spoku ya kwanza haijakatika, nani aliichukua baiskeli? Yeye. Akaenda kufuata mkaa. Akafunga gunia zima kwenye keria, na yeye mwenyewe juu, na si mwembamba nakuambia. Ilirudi gurudumu linayumba kama mlevi. Sikusema neno. Fundi aliponiuliza wiki ile, "Mwalimu, ulipakia nini?" nilimjibu, "Madaftari tu, babu." Nilijua baba watoto anapenda heshima yake pale kwenye kahawa. Nilimsitiri. Yeye akaniumbua kwenye benchi lile lile.

Basi, tuje kwenye magurudumu.

Baada ya wale kutawanyika, fundi alinionyesha jambo. Spoku zote nne zimekatika upande wa gia, na zote pale zinapopinda kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Akaniambia gia zimechukua nafasi, kwa hiyo ili ringi ikae katikati ya fremu, spoku za upande ule zinasimama karibu wima na zinavutwa kwa nguvu, za upande wa pili zinabaki legelege. Kila gurudumu likizunguka, spoku inalegea inakaza, inalegea inakaza. Waya ukiukunja huku na huku utakatika hata kama mkunjaji ni mtoto wa chekechea. Zikiwa nyingi zinagawana kazi, zikiwa chache kila moja inaumia zaidi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Babu, sema kweli, ni uzito wangu?" Akasafisha mikono na tambara muda mrefu. Akasema, "Unachangia, mwalimu. Lakini aliyelitengeneza hili alimfikiria kijana wa mashindano kwenye lami kama kioo." Unachangia. Neno hilo nalo limenikaa.

Mbele hakujakatika hata moja, na kule ziko 20! Najua nyuma ndiko kunakobeba zaidi, usinikumbushe.

Fundi anataka aniundie la nyuma upya kwa mkono: ringi ya alumini yenye kuta mbili, matundu 36, spoku za chuma kisichoshika kutu, na nati zake ziwe za shaba, kwa sababu zile za alumini hewa ya chumvi inazila, ukija kukaza unakuta zimeganda. Habu ya koni na gololi, ili ikianza kukwaruza aifungue, aweke grisi na gololi mpya, basi. Iwe ya upana wa milimita 130 kama iliyopo. Ile ya baiskeli za milimani ni 135, na anasema fremu ya alumini haitanuliwi kwa nguvu, itapasuka. Na tairi niache ya upana wa milimita 23 niweke ya 28, inapita chini ya breki kwa shida lakini inapita, nijaze upepo kiasi, isiwe ngumu kama jiwe. Ringi ataiagiza Kariakoo. Jumla 170,000, la nyuma peke yake. Baada ya wiki mbili tatu nimrudishie akaze tena, spoku mpya hujikalia.

Baba watoto, baada ya kunitukana, akatoa na ushauri. Ati nichukue magurudumu ya Phoenix yaliyoko stoo, yana spoku 32 na 40, "yatakuhimili". Yatakuhimili! Nikachukua tochi nikasoma ubavuni mwa tairi. Yangu imeandikwa 622, ya Phoenix 635, ndicho kipenyo cha ringi kwa milimita. Watu wote wanaziita inchi 28, kumbe si sawa, ringi ile ni kubwa kwa milimita 13, mpira wa breki unagusa chini yake kwenye spoku, na tairi nene vile haipiti kwenye fremu. Na gia zangu ningeziweka wapi? Nikamwambia. Akasema nimekuwa fundi siku hizi.

Kuna na jozi ya mtumba, mjini. Nyeusi, nyembamba, zinang'aa, 190,000 zote mbili. Nilipitisha ukucha pale breki inaposugua nikahisi kibonde, maana yake ringi imeliwa. Nyuma spoku 24 tena. Ninajua kabisa kwamba si za kununua. Lakini Shangazi, ni nzuri. Na tatizo langu liko hapo: nikitokea mbele ya wale watu saba na gurudumu la spoku 36, si ndiyo nimekiri? Si watasema kumbe mumewe alisema kweli, kafungiwa gurudumu la mzigo? Nikiweka zile nyeusi zikadumu, nimemjibu. Zisipodumu, je?

Fedha ninazo, mgao wa kikoba, 200,000 kamili, sitaki senti yake. Ingawa angekuja tu akasema, "Mama, kaagize hilo la fundi, nusu nitatoa mie," ningesahau yote. Hapana, nisingesahau. Ningelala.

Kwa hiyo niambie: nifunge 36 nyuma na mbele niache zile 20 mpaka mgao mwingine, au ningoje nifunge yote pamoja? Na siku nikienda kuichukua, yeye yuko pale na kahawa yake, fundi akauliza tena nilikuwa napakia nini, niseme mkaa? Niseme mkaa wa nani? Nimelala na neno hilo ulimini siku nne sasa. Likitoka ataaibika mbele ya watu wake, na mie sijawahi kumfanyia hivyo. Likibaki ndani, kila spoku itakayokatika mpaka nastaafu ni yangu.

Adhana hiyo. Nikabandike chai, leo naenda na daladala. Asubuhi ataniuliza kwa nini siendi na baiskeli, na sijui nitamjibu nini, kwa sababu anajua.

Usichapishe jina langu. Andika Mwalimu wa Ngamiani, wako wengi.