Kwa mama vijana mliotoka kukatwa titi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliotoka wodini juzi juzi, mrija wa kutoa maji ya kidonda ubavuni, chupa yake mmeificha ndani ya kanga, na nyumbani kuna mtoto asiyejua saratani ni nini. Anachojua ni kwamba mama karudi, na anataka kubebwa. Nimeuguza wagonjwa wa upasuaji mpaka nikastaafu. Mengi mtaambiwa na madaktari. Mimi naanza na hilo la kubebwa.

Usimnyanyue. Wiki nne mpaka sita za mwanzo, au mpaka daktari wako aruhusu, mtoto asiinuliwe na wewe kutoka chini, na mbeleko isahau, maana fundo lake linakaa kifuani. Najua anavyolia na unavyoumia. Basi keti mkekani, weka mto upande wa kidonda, shangazi yake amlete mapajani. Akishafika hapo hana habari ameinuliwa na nani.

Wengine hukosea kinyume chake: mkono wanaubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa. Bega linakakamaa, na siku ya mionzi mkono unatakiwa ukae juu ya kichwa, haufiki. Fanya mazoezi uliyoonyeshwa, vidole na kiwiko kwanza, kisha kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo. Baadaye, kumchana binti yako nywele nako ni mazoezi. Ganzi ya kwapani isikutishe. Lakini homa, wekundu unaosambaa, usaha, au maji yanayojaa upya chini ya ngozi, rudi hospitali. Asikutoboe mtu nyumbani. Na kama matezi ya kwapa yaliondolewa, mkono huo una ulinzi wake maisha yote: ukijikata na kisu cha jikoni, osha kwa sabuni papo hapo, na ukianza kuvimba usingoje tarehe ya kliniki.

Mwenye mtoto wa kunyonya, kama tibakemikali, zile dawa kali za saratani, inafuata, mtoto aachishwe kabla, kwa sababu dawa hupita kwenye maziwa. Mama mkwe atakuwa na maneno. Mpeleke kliniki akaelezwe na nesi, usibishane naye wewe na mrija wako. Hukohuko ulizia uzazi wa mpango: vidonge na sindano za homoni havifai kwa aliyeugua saratani ya matiti, ila kitanzi cha shaba hakina homoni. Walioandikiwa tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani isirudi, huimeza miaka 5 au zaidi, na wakati huo mimba haitakiwi. Mwenye hamu ya mtoto mwingine aseme mapema, apangiwe.

Sasa watoto wakubwa kidogo. Huwa wanaambiwa mama alikwenda safari. Safari gani hiyo ya kurudi na bandeji? Mwambie kwa maneno yake: titi lilikuwa na ugonjwa, madaktari wameliondoa, hauambukizi, wala hukuusababisha wewe. Hilo la mwisho liseme hata kama hajauliza, kwani watoto hujihukumu kimyakimya. Akitaka kuona kovu na wewe uko radhi, mwonyeshe.

Mawifi na mashoga, wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mnakuja watano na pole zenu, mnakaa mpaka jioni, na mgonjwa ndiye anayeinuka kuwachemshia chai! Mmoja ampeleke mtoto shule, mmoja afue, mwingine alale pale usiku mtoto anapoamka.

Nawe baba watoto, chukua daftari. Kila asubuhi, saa ile ile, nawa mikono, pima maji ya chupa, andika, mwaga. Mara nyingi mrija hutolewa yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku, na daktari atataka kuona ulichoandika. Kovu usimdai kuliona. Siku akitaka atakuita mwenyewe.

Mama yenu,
nesi mstaafu, Tanga