Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: matakia yetu na udongo wa Malindi

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wale wa bwana asifiwe nawasalimu pia, wazee wetu shikamooni. Asanteni kwa kuja, na nyinyi mlioko saiti mtaisoma kwa simu.

Mambo ya kawaida nayapitisha haraka. Mahesabu atayasoma mweka hazina, ada wengi mumelipa, wanachama wapya tumewapokea, na mzee wetu mmoja ametangulia mbele za haki, chama kilisimama na familia yake mpaka arubaini. Mungu amrehemu. Sasa niingie kwa lile ambalo mwaka mzima limenikaa kichwani, nalo ni yale matakia yetu ya kuzuia udongo wa saiti zetu za ujenzi usichukuliwe na mvua mpaka baharini.

Mwanzo wa mwaka mwanachama mmoja alisimama akaniuliza, mwenyekiti, mto Sabaki unaleta udongo kutoka huko Athi na Tsavo, bahari inageuka chai ya maziwa, wewe unatusumbua na ploti ya robo eka? Watu wakampigia makofi, na mimi sikukasirika kwa sababu anachosema kipo. Kaskazi ikivuma maji ya Sabaki yanasukumwa huku kwetu, kusi ikirudi yanapelekwa upande wa Mambrui na Ngomeni, na ufuo wa mjini umejaa mchanga mpaka nyumba zilizojengwa karibu na maji leo ziko mbali nayo. Sabaki hatuiwezi sisi wa karai na mtalimbo. Lakini hebu angalieni sisi tunajenga wapi saizi: Casuarina, Silversand, kule kunakoteremka kuelekea hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968. Ploti ikifyekwa leo, kesho ikanyesha, lile tope letu halina safari ndefu, linashuka na mtaro mpaka kwenye maji yale yale ambayo ndugu zetu wa mashua wanapeleka wageni kuona samaki. Matumbawe ni wanyama jamani, na ndani yao mna mwani mdogo sana unaowalisha kwa jua, tope likiziba jua wanakosa chakula, likiwatuamia linawafukia. Mtu mwenye pumu humfukizi moshi eti kwa sababu vumbi lipo tayari.

Haya. Zamani tulikuwa tunafanya nini? Tunapanga gunia za mchanga, jua linazichana, mvua ya pili mchanga wenyewe uko mtaroni. Alafu tukaja kwa kile kitambaa cha kusimamisha na vigingi, nacho ni kizuri kikifungwa sawa, shida ni kwamba kazi ikiisha kinang'olewa kimechanika, kinatupwa, na ni plastiki ile. Kila saiti unanunua upya. Fundi mdogo hawezi, ndo maana wengi walikuwa wanafunga kipande kidogo mbele ya geti ili mkaguzi akipita aone.

Matakia ni tofauti. Kwa wale ambao hawajayaona, ni sponji ya pembe tatu imevalishwa kitambaa kinachopitisha maji, kipande kimoja kama futi 7, kinainuka kama sentimita 25 katikati, na kina ulimi wa kitambaa mbele na nyuma wa kupigilia chini. Mwanamke mmoja anabeba viwili bila shida. Kazi ikiisha unang'oa misumari, unakung'uta tope, unaosha, unapeleka saiti nyingine. Tulianza na vipande 60, ukiviunganisha vyote ni kama mita 128, vinakaa stoo ya chama na mwanachama anaazima kwa ada ndogo. Gharama ambayo mtu mmoja angelia nayo tumeigawana.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndo watu wengi wanakosea na hata mimi nilikosea. Kizuizi hakichuji udongo kama kichujio cha chai. Kinachofanya ni kuyapunguza maji mbio, yanatuama nyuma yake, na udongo unashuka wenyewe. Kwa hiyo ukiona maji yamesimama nyuma ya takia usikimbilie kulitoboa, hiyo ndo kazi yenyewe inafanyika.

Mvua za mwaka zilipoanza tulikuwa na saiti moja yenye mfo mdogo unaopita katikati, ule unaokauka kiangazi chote. Mimi ndo niliamua tuyakinge matakia pale pale kwenye mfo, nikaona maji yote yanapita hapo basi tukinge hapo. Usiku ikanyesha ile mvua mnayoikumbuka, maji yakajaa nyuma yake, yakatafuta njia chini ya ulimi, yakachimba, na asubuhi matakia manne yamepinduka yamechanika na tope limeingia kwenye kisima cha jirani. Tulikisafisha kile kisima siku mbili, mimi mwenyewe nilishuka ndani, na yule mama nilimwomba radhi mbele ya watu. Vizuizi hivi si vya mfo wala mtaro unaokimbia. Ni vya maji yanayotambaa juu ya ardhi, na hata hayo yana kipimo, kwenye mteremko mdogo hesabu robo eka kwa kila mita 30 ya kizuizi, zaidi ya hapo unadanganya watu.

Tukajifunza na kuyapanga. Lazima yafuate levo, yasiteremke na ploti, la sivyo maji yatakimbia kando ya takia mpaka mwisho yatoke na nguvu zaidi ya yalivyokuja. Na levo tunayo, ule mpira wa maji tunaopimia msingi ndo huo huo unatosha, mafundi wawili na vigingi vya mabanzi mumemaliza kabla ya chai. Ncha mbili za mwisho zipandishe juu kidogo kama mkono unaokumbatia, maji yasizunguke. Ulimi wa upande maji yanakotoka ufukie, usiulaze tu, maji yakipata uwazi wa kidole yatapita hapo yote. Mkiwa na kile kitambaa cha kusimama mtaro wake uwe sentimita 15, watu wanachimba 5 wanasema inatosha, haitoshi.

Na baada ya kila mvua mtu aende aangalie. Tope likifika nusu ya urefu linatolewa, mimi nasema theluthi, kwa sababu takia lenyewe ni fupi. Hilo tope rudisheni ndani ya ploti mkalifunike, kuna kijana alikuwa analimwaga barabarani kwa wilibaro, sasa tulizuia nini?

Kuna jambo lingine wale wa Ganda na Kakuyuni wenye udongo mwekundu wamelalamika, kwamba maji yanatoka upande wa pili bado yana rangi. Ni kweli. Mchanga unashuka kwa sekunde, lakini chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 inataka kama saa 8 kushuka sentimita 10 tu, na hapo maji yawe yametulia kabisa. Takia halina saa 8. Kwa udongo ule dawa ni kutoufungua mwingi kwa mara moja. Usifyeke ploti nzima wakati msingi wako ni wa kona moja, acha majani upande wa chini, funika lundo la udongo kwa turubai au hata makuti. Aliyewahi kufika Marafa akaona vile udongo mwekundu ulivyokatwa na maji mpaka umekuwa bonde hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanachama mmoja amejaribu kujaza makumbi ya nazi kwenye gunia refu la katani akalipanga chini ya matakia kama safu ya pili, nimeenda kuliona, limeshika vizuri, na makumbi hapa kwetu hayanunuliwi. Ningependa tujaribu saiti tatu au nne kabla ya vuli. Wengine walipendekeza nyavu kuukuu za kuvulia badala ya gunia, hilo nimelikataa na nitaendelea kulikataa, wavu ukichukuliwa na maji unaenda kuua samaki.

Hesabu ya vipande sasa. Katika 60, vinne ndo vile vilivyochanika kwenye mfo, 51 viko stoo au saiti vinafanya kazi, na vitano havijarudi. Walionavyo tunawajua na wenyewe wanajijua, sitataja jina hapa kwa heshima, virudi kabla ya mwisho wa mwezi. Na vikirudi virudi vimeoshwa, visioshewe mtaroni, vikaushwe kivulini kwa sababu jua letu hili linakula kile kitambaa. Kuna vilivyorudishwa vimeganda tope na saruji, mama wa stoo alivisugua peke yake mchana mzima, si haki hiyo.

Jumapili baada ya alasiri tutakuwa stoo tunapanga mstari wa mfano, njooni na mipira yenu ya levo, na foremani wenu waje pia maana wao ndo wanaobaki saiti ikinyesha usiku.