Unataka kuhamia mazima kwenye trela ya fifwili? Soma stika ya mlangoni kwanza, jiko utaliona baadaye

Simu nyingi tunazopigiwa siku hizi zinaanza hivi hivi, kaka nimeona trela moja kali sana, ina meko ya umeme chini ya tivii, ina kaunta katikati ya jiko, makochi ya ngozi, njoo uniangalizie haraka kabla mtu hajaibeba. Sawa. Stika ya mlangoni imeandikwa nini? Kimya.

Kwa wageni, sisi tuko Texas, kazi yetu ni kukagua trela za kuishi kabla mteja hajatoa hela, na wateja wetu wengi ni Waswahili wenzetu: madereva wa malori, manesi wa mikataba ya wiki 13, na vijana wa visima vya mafuta kule Midland na Odessa ambao wamechoka kulipia apatimenti wasiyolala. Wengi wanataka fifwili, yaani trela ya kuishi inayofungwa ndani ya bodi ya pikapu badala ya nyuma yake, na wana sababu, ile kingpini, pini nene ya chuma ya mbele ya trela, inakaa kwenye sahani, kile chuma cha kuikamata, ndani ya bodi ya pikapu, karibu na juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo trela inatulia barabarani kuliko ile inayofungwa nyuma kwenye bampa, tena ndani dari lake refu. Dereva wa lori hapo hafundishwi kitu, ndio kazi yake ya kila siku.

Sasa hiyo stika. Iko karibu na mlango wa kuingilia, inataja uzito wa mizigo ambao hutakiwi kuuzidi, na pia inasema maji yakijaa tenki ni paundi ngapi za huo huo mzigo. Tuseme trela ya futi 38 hivi, uzito wake wa mwisho ikiwa imepakiwa ni paundi 16,000, tupu ni 13,800, umebakiwa na 2,200 tu. Utasema nyingi. Galoni moja ya maji ni paundi 8 na kidogo, tenki la galoni 60 ukilijaza umeshakula 500. Haya weka mashine ya kufua na ya kukausha, betri za ziada, jenereta, makoti ya baridi na nguo za joto kwa sababu huna stoo kwingine, masufuria, mchele wa gunia la paundi 50 maana nani kati yetu ananunua mchele wa kilo moja, baiskeli za watoto, maboksi ya spana za mzee, mara unashangaa umezidisha na bado mama hajaleta mashine yake ya cherehani. Mtu wa wikiendi anabeba begi na jiko la kuchomea nyama, wewe unabeba nyumba nzima. Na ukizidisha, wa kwanza kuumia ni tairi, halafu ekseli. Kwa hiyo trela mbili zinazofanana urembo, sisi tutakwambia chukua yenye nafasi kubwa ya mzigo hata kama kochi lake baya, kochi linabadilishwa.

Upande wa pikapu ndiko ugomvi unakoanzia. Muuzaji anasema gari hili linavuta paundi 12,000 bila wasiwasi, na wala hasemi uongo, linavuta kweli, ila fifwili pikapu haiivuti tu, inaibeba pia. Karibu asilimia 20 ya uzito wa trela inashukia kwenye bodi, yaani hata trela ya 12,000 inashusha kama paundi 2,400, na ile yetu ya 16,000 ni kama 3,200, hujaweka sahani yenyewe, hujapanda wewe na familia. Fungua mlango wa dereva usome stika ya njano na nyeupe inayosema pikapu inaweza kubeba paundi ngapi, pikapu nyingi za kawaida zinaishia 1,500 mpaka 2,000 hivi. Ndio maana kwa trela kubwa tunasema tafuta pikapu za daraja la 3500, zile nzito za kubeba mzigo mkubwa, na ikiwezekana zenye tairi mbili mbili nyuma. Kama bodi ni fupi, angalia kona ya trela isije ikavunja kioo cha nyuma ukikata kona kali, kuna sahani zinazoteleza kwa ajili hiyo. Na uzito wa pikapu na trela kwa pamoja ukipita paundi 26,000 hapa Texas unahitaji leseni ya Klasi A isiyo ya biashara, mwenye CDL ya Klasi A, ile leseni ya madereva wa malori, hana presha. Ukishanunua, pakia kila kitu upite kwenye mizani ya malori barabarani, gharama yake ndogo sana ukilinganisha na tairi kupasuka.

Baridi nayo. Nesi akisaini mkataba wa Minnesota mwezi wa kumi na mbili anaambiwa trela ni ya misimu yote minne, neno hilo kila kiwanda kinalitumia kinavyotaka. Sisi tunalala chini tuangalie kama tumbo la trela limefunikwa na kama bomba la hewa ya moto linafika kwenye matenki. Hapa kuna mtego, watu wanataka kuokoa gesi wanawasha hita ndogo ya umeme, chumba kinapata joto, thamosteti inaona joto lipo, hita kubwa ya gesi haiwaki, na kule chini mabomba yanaganda yanapasuka. Usidhani ni mambo ya kaskazini tu, Februari 2021 Texas yenyewe iliganda. Kiangazi ni kinyume chake, tafuta yenye umeme wa ampea 50 na AC mbili, ampea 30 ni wati 3,600 tu wakati ya 50 inafika 12,000, ukiwasha AC na maikrowevu kwenye 30 jiandae kukaa gizani.

Brandi hatubishani sana. Nyingi zinatengenezwa eneo la Elkhart, Indiana, na ukiangalia chini unakuta ekseli na vyuma vya wauzaji wale wale. Kinachoua trela ni maji. Tunabonyeza sakafu kwa kidole kwenye kona za slaidi, zile kuta zinazotoka nje, ikibonyea kama mkate tunaondoka. Tunamulika tochi ubavuni kwa pembeni ili malengelenge ya ukuta yaonekane, tunapanda juu kuangalia silanti, ile gundi ya kuziba maji, kama imepasuka, tunafungua kabati la chini ya kitanda tunanusa. Tairi usitazame kashata, soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, ndio tarehe ya kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hiyo imezeeka, ikae pembeni hata kama inang'aa. Halafu funga slaidi zote ujaribu kufika chooni na kwenye friji, kuna trela huwezi, ukisimama njiani mtoto anataka choo utafanyaje.

Makaratasi kwa ufupi: waranti nyingi zinakataa mtu anayeishi humo moja kwa moja, na benki nyingine hazikopeshi kwa matumizi hayo, kwa hiyo usidanganye kwenye fomu, soma. Bima omba ile ya wakazi wa kudumu. Paki nyingi za kuegesha trela hazipokei trela iliyozidi miaka 10, basi ukinunua ya miaka 9 kwa sababu ni rahisi, piga simu kwanza kule unakokwenda. Manesi, ile posho isiyokatwa kodi inataka uwe na makazi halisi kwingine, ukiifanya trela ndio nyumba yako pekee mambo yanabadilika, muulizeni mhasibu kabla ya kuachia apatimenti.

Ukitaka tukukagulie, tutumie picha mbili tu WhatsApp, stika ya mlango wa trela na stika ya mlango wa dereva, hizo tunasoma bure na mara nyingi jibu linapatikana hapo hapo bila sisi kuwasha gari. Na deposit isiyorudishwa usitoe kabla hatujakujibu.