Barua ya wazi kwa vijana wanaotunga filamu za wageni wa angani

Wajukuu zangu,

Juzi mlinikaribisha tutazame ile filamu ya Kijapani ya mwaka 1956, ya kampuni ya Daiei, aliyoiongoza Koji Shima. Walipotokea wageni wa sayari ya Paira mkacheka hadi machozi. Siwalaumu. Mtu kavishwa nyota ya kitambaa yenye pembe tano, jicho moja tumboni! Nami nilicheka.

Ila aliyelibuni vazi lile ni msanii Taro Okamoto, huyohuyo aliyekuja kusimamisha sanamu kubwa, Mnara wa Jua, kule Osaka, Japani, mwaka 1970. Na kicheko kiliwapitisha mambo. Wapaira wamekuja kutuonya kwamba sayari R inakuja kuigonga dunia, yaani mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini watu wanawakimbia kwa umbo lao, hata mmoja inambidi avae sura ya mwimbaji wa kike mashuhuri. Anaingia kwa Profesa Matsuda, anasoma fomula ya kilipuzi kipya cha kutisha, anaichana karatasi. Baadaye, R inapokaribia, fomula ileile ndiyo inayotafutwa kwa udi na uvumba. Hapo mlikuwa bado mnafuta machozi.

Jambo hilo liliandikwa miaka 11 baada ya mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, na miaka miwili tu baada ya wavuvi 23 wa Kijapani kuangukiwa na majivu ya bomu la nyuklia la Marekani lililolipuliwa kwenye visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki.

Mwaka uliofuata, 1957, mwongozaji Ishiro Honda, ambaye aliiona Hiroshima kwa macho yake alipotoka vitani, akawaleta wageni wa namna nyingine katika filamu ya kampuni ya Toho. Hao wanaomba kiwanja tu, duara la kilomita tatu kutoka katikati hadi ukingoni. Kisha wanataka wanawake wa kuoa. Japani ilikuwa imetoka kukaliwa na jeshi la kigeni mwaka 1952. Nadhani watazamaji walielewa bila kufafanuliwa.

Sasa mswada wenu. Mgeni anashuka, analipua mji, anauawa. Kurasa kumi na mbili, na hakuna hata mtoto anayemuuliza amefuata nini. Ifungeni kwanza hiyo kompyuta ya kuchorea moto. Andikeni anachotaka, na kile tutakachopoteza tukimpa. Mkishamaliza nileteeni nisome, hata usiku.

Habari ya vazi isiwasumbue. Cherehani ya bibi yenu bado inashona.

Babu yenu