Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, vijana hamjambo.

Mambo ya kawaida nitayapitia upesi. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, misiba imechangiwa, na hesabu mweka hazina atazisoma mwenyewe. Darasa la Kiswahili la watoto limesimama tangu mwalimu alipohama Denver. Lawama hiyo naipokea, sikuhangaika mapema kumpata mwingine.

Muda wenu nauomba kwa kazi ya kikundi cha ukoo. Tulikubaliana tujifunze kufuatilia nasaba kwa kumshika mtu mmoja wa hapa Colorado, na vijana wakamchagua Clara Brown. Wengine mmeshampita bila kumjua: sura yake imo kwenye kioo cha rangi ndani ya jengo la Bunge la jimbo. Alizaliwa utumwani Virginia karibu na mwaka 1800, akakulia Kentucky, akaolewa, akapata watoto wanne. Paulina Ann, mmoja wa mapacha, alikufa maji angali mdogo. Mwaka 1835 bwana wao, Ambrose Smith, alifariki, na familia ikauzwa mnadani, mume huku, mke kule, watoto kwingine. Pacha aliyebaki, Eliza Jane, ndiye ambaye Clara, mama yake, alimtafuta maisha yake yote.

Clara aliachwa huru miaka ya 1850. Mwaka 1859 alikuja huku na msafara wa magari ya kukokotwa, akiwapikia wasafiri ili naye apate nafasi. Central City, kule kwenye machimbo ya dhahabu, alikuwa dobi wa wachimbaji, na fedha ya kufua akanunulia viwanja na hisa za migodi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha alirudi Kentucky kumtafuta binti. Alirudi Colorado na kundi la watu walioachwa huru. Eliza hakuwemo.

Sisi tulikwama kwenye karatasi. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa katika daftari la peke yao: jina la mwenye mali juu, chini yake umri, jinsia na rangi. Majina yao hamna. Katibu alichapa ukurasa mmoja wa Kentucky, tukauweka mezani katikati ya vikombe vya chai. Mama mmoja, mwenyeji wa Uvira, Kongo, alipitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye mstari wa mtoto wa kike, akauliza, "Sasa huyu ni nani?" Tulinyamaza wote.

Waliokuwa watumwa wanaanza kuandikwa kwa majina, kwa wingi, katika sensa ya 1870. Ukitaka kurudi nyuma zaidi ya hapo, mtumwa humfuati, unamfuata bwana wake: wosia, orodha ya mirathi inayotaja watu pamoja na ng'ombe na vitanda, hati za mauzo katika mahakama ya kaunti. Jina la ukoo nalo linapoteza njia. Brown ni jina la George Brown, aliyemmiliki Clara mwisho. Eliza aliuzwa kwa wengine.

Kosa langu nalo liandikwe. Kwa wiki kadhaa niliwatembeza vijana nyuma ya Clara Brown mwingine kabisa, kwa kuwa jina lilifanana na umri ulikaribiana. Binti wa darasa la kumi ndiye aliyegundua kwamba mahali pa kuzaliwa hapalingani. Nilitaka kubisha, nikaona aibu.

Lakini umri wa kukisia si jambo geni kwetu. Toeni vitambulisho vyenu: wangapi hapa wamezaliwa tarehe 1 Januari? Wengi tuliopita kambi za wakimbizi tuliandikiwa siku hiyo, na majina yetu yakaandikwa kama karani alivyoyasikia. Mjukuu atakayetutafuta atakuta ndugu wa tumbo moja wenye majina matatu tofauti. Kwa hiyo kamati imeandaa fomu ya kila kaya: majina ya wazazi, babu na bibi, kijiji, na kila namna jina lilivyowahi kuandikwa. Tafadhali zirudishwe kabla ya Machi.

Eliza alipatikana mwaka 1882, huko Council Bluffs, Iowa, miaka 47 baada ya mnada. Clara alikuwa amepita miaka 80 na mali karibu yote ilishakwisha, nyingine kwa mafuriko na moto, nyingine kwa kuwasaidia watu. Alimwona binti yake, akafariki Denver mwaka 1885. Chama cha waanzilishi wa Colorado, ambacho yeye alikuwa mwanachama wake, ndicho kilichomzika.

Kaburi lake liko Riverside, humu humu mjini. Tutakwenda Jumamosi ya kwanza ya Mei. Gari linaondoka saa tatu asubuhi, wazee watakaa mbele, na anayeleta sambusa amwambie katibu leo.